Vitabu Vikuukuu vya Nchi ya Majani Chai

Mtu anayetaka kuijua Sotik ya mwaka 1909 anaweza kuanzia kwenye kitabu cha rais wa Marekani. Theodore Roosevelt alitoka madarakani Machi mwaka huo, na Aprili haijaisha akawa ameshuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit na wataalamu wa viumbe waliotumwa na taasisi ya Smithsonian. Mwezi Juni msafara wake ulitoka Kijabe ukaingia nchi kavu, mizigo ikiwa kwenye magari ya kukokotwa na ng'ombe, ukaelekea mto Guaso Nyero. Kitabu chake, African Game Trails, kilitoka 1910, na sura moja nzima imebeba jina la Sotik kichwani.

Ukiisoma sura hiyo ukiwa Sotik mjini, utashangaa uko wapi. Nchi anayoisimulia ni mbuga za nyasi zenye faru, twiga na simba, upande ambao leo ni wa Kaunti ya Narok. Wakati ule Wazungu waliita Sotik eneo refu lililoteremka kutoka milima yetu hadi huko chini, na jina limekuwa likisinyaa tangu hapo mpaka likabaki mji na vitongoji vyake. Kwangu mimi hiyo peke yake ni faida ya kutosha ya kusoma kitabu cha mwindaji: kinakuonyesha mipaka iliyokuwa akilini mwa watu kabla ya mchoraji ramani kupita na rula.

Kitabu hicho pia kina hesabu. Roosevelt na Kermit waliua wanyama 512, na kila aina imeandikwa na idadi yake, nani alipiga wangapi. Miaka minne tu kabla yake, Juni 1905, jeshi la King's African Rifles chini ya Meja Pope-Hennessy lilipita katika nchi ya Sotik kuwaadhibu Wakipsigis waliokuwa wameteka ng'ombe wa Wamasai na kukataa kuwarudisha. Habari za msafara huo zimo katika historia ya jeshi hilo iliyoandikwa na H. Moyse-Bartlett, iliyochapishwa 1956. Idadi ya watu 1,850 waliouawa ndiyo inayotajwa siku hizi katika madai ya haki ya wenyeji. Orodha ya majina yao hakuna. Nimevisoma vitabu hivi viwili meza moja, na kila mara ninarudi kwenye jambo hilo: pundamilia na swara wa Sotik walihesabiwa mmoja mmoja na kuchapishwa New York, na watu wa Sotik hawakupata karani wa kuwaandika.

Nimefundisha historia katika shule za sekondari za Bomet karibu maisha yangu yote ya kazi. Silabasi ilinitaka nimfundishe Bismarck na Mkutano wa Berlin, nami nikafundisha kwa moyo. Lakini mwanafunzi aliyetoka Mogogosiek au Silibwet hakuwa na kitabu hata kimoja darasani chenye jina la mto anaoteka maji. Ndipo nikaanza kukusanya vitabu vikuukuu. Vingine nilivipata kwa wauzaji wanaotandaza bidhaa kando ya njia Nairobi, vingine kwa wamishonari waliokuwa wakifunga virago kurudi kwao, na vingine katika nyumba za mameneja wa mashamba ya chai, ambako mtu akihamishwa huacha nyuma viti vya mwanzi na rafu moja ya vitabu visivyotakiwa na mtu.

Anayeanza kazi hii ajue kwanza jina la kutafuta. Katika faharasa za vitabu vya mwanzo wa ukoloni, neno Kipsigis huenda usilione kabisa. Tafuta Lumbwa, jina walilotumia maofisa, lile lile lililobandikwa kwenye stesheni ya reli ambayo leo ni Kipkelion. Bomet itafute ndani ya Kericho, kwa sababu haikuwa wilaya peke yake mpaka 1992. Na kabla ya tarehe 1 Aprili 1902 nchi yetu yote ilihesabiwa upande wa Uganda. Kwa hiyo maelezo ya mapema yamo katika The Uganda Protectorate cha Sir Harry Johnston, juzuu mbili nzito zenye picha, na katika utafiti wa C. W. Hobley juu ya mashariki mwa Uganda, vyote vya mwaka huo huo wa 1902. Mtu wa Litein anayesaka habari za babu wa babu yake kwenye rafu za Kenya peke yake ameiacha nusu ya mali nje.

Kitabu kilichonipa furaha kuliko vyote si cha Wakipsigis, ni cha ndugu zao. A. C. Hollis, ofisa wa serikali aliyekuwa na sikio la ajabu la lugha, alichapisha The Nandi huko Oxford mwaka 1909. Ndani yake mna sarufi, hadithi, methali na vitendawili, kila kimoja kwa Kinandi na tafsiri yake. Sisi Wakipsigis tunakielewa bila shida. Kogo, nyanya yangu, hakujua kusoma, na nilipokuwa mwalimu kijana nilikuwa nikimsomea vitendawili vya Hollis jioni, yeye akiwa ameketi karibu na moto. Hakunisubiri nimalize. Nikisoma nusu anatoa jibu, na pale ambapo jibu la Hollis lilikuwa tofauti na lake alinisimamisha, akasema huko Nandi huenda wanasema hivyo, lakini kwao Bureti walisema vingine. Nikaandika ya kwake kwa penseli kando ya yale yaliyopigwa chapa. Leo kurasa hizo zina sauti mbili. Siwezi kueleza vya kutosha thamani ninayoiona humo, kwa sababu wengi wanaosoma vitabu hivi husoma cha Mzungu kama hukumu iliyokwisha kukatwa, na kumbe ni shahidi mmoja tu, naye anapaswa kuulizwa maswali mbele ya shahidi mwingine.

Wamarekani wana sehemu yao kubwa katika rafu yangu, zaidi ya Roosevelt. Willis Hotchkiss alikuwa Mquaker aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1895 na kundi la kwanza la Africa Inland Mission. Mwaka 1902 alikuwa Kaimosi na wenzake wawili wakianzisha misheni ya Marafiki, na 1905, mwaka ule ule wa msafara wa Sotik, akaja kwetu na kuanzisha Lumbwa Industrial Mission karibu na Kericho. Mwaka 1937 alichapisha Then and Now in Kenya Colony, masimulizi ya miaka arobaini. Ni kitabu cha mtu mwenye bidii na imani kali, na mengi anayosema juu ya dini ya wazee wetu siyakubali hata kidogo. Hata hivyo msomaji mvumilivu atapata humo vitu ambavyo maofisa hawakuvijali: jinsi njia zilivyokuwa, jinsi mtu alivyojenga mahali pasipo na duka, jinsi plau na mbegu zilivyoingia. Misheni yake ilikuwa ya kazi za mikono, na mikono huacha habari nyingi kuliko mahubiri.

Kutokana na kazi hiyo ndipo Wamarekani wa World Gospel Mission walipopokea kijiti miaka ya 1930 na kujenga Tenwek, hospitali ambayo kila mtu wa Bomet anaijua. Daktari Ernest Steury alifika huko 1959. Wawili wa kundi hilo, Gerald na Burnette Fish, baadaye waliandika The Kalenjiin Heritage, kilichotoka 1995, nacho kinatofautiana sana na vitabu vya wamishonari waliowatangulia, kwa kuwa hapa mmishonari anauliza wazee maswali na kuandika majibu yao badala ya kuwajibia. Nikivisoma cha Hotchkiss na cha akina Fish vikifuatana, naona wageni wa nyumba moja wakijifunza, kizazi baada ya kizazi, kukaa kimya ili mwenye nyumba aseme.

Mmarekani mwingine, Robert Manners wa Chuo Kikuu cha Brandeis, hakuja na Biblia bali na daftari la mwanaanthropolojia. Makala yake juu ya ardhi, kazi na soko katika nchi ya Wakipsigis imo katika kitabu Markets in Africa cha 1962, na nyingine ndefu ilitoka 1967. Humo utawaona Wakipsigis wa miaka ya 1920 na 1930 wakishika plau, wakizungushia mashamba ua, wakiuza mahindi kwa wafanyakazi wa mashamba ya chai, wakisimamisha vinu vya maji kando ya mito. Mzee yeyote wa Bureti anaweza kukuonyesha mahali palipokuwa na kinu. Ukimwonyesha na ukurasa, mazungumzo hayaishi mchana huo.

Sasa nije kwenye chai yenyewe, maana hapa ndipo vitabu vikuukuu vinapogeuka kuwa jambo la mahakamani.

Mashamba makubwa ya Kericho hayakuanza na chai. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, mwaka 1919, serikali ilianzisha mpango wa kuwapa ardhi maofisa wa Kiingereza waliopata ulemavu vitani, ulioitwa kwa kifupi BEADOC. Walipewa ekari 25,000 hapa Kericho ili walime kitani, zao la nyuzi lililokuwa na bei nzuri wakati wa vita. Bei ilianguka karibu mara tu walipopanda. Katika muda mfupi mpango ukafilisika, na katikati ya miaka ya 1920 ardhi hiyo ikaingia mikononi mwa kampuni ya James Finlay ya Glasgow, iliyounda African Highlands Produce Company, huku Brooke Bond ikianza mashamba yake jirani. Msitu na malisho vikawa kitani, kitani kikawa chai, na mwenye malisho hakuulizwa katika hatua hata moja.

Kisa hiki kimeelezwa vizuri na C. J. Duder katika makala ya 1992 iliyohusu koloni hilo la maofisa, na upande wa biashara umechambuliwa na Nicola Swainson katika kitabu chake cha 1980 juu ya makampuni ya kigeni nchini Kenya. Lakini ninayempenda zaidi ni shahidi ambaye hakukusudia kuwa kitabu: ushahidi wa Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Sir Morris Carter. Ripoti yake ya 1934 inajulikana. Ndiyo iliyoithibitisha mipaka ya Nyanda za Juu za Wazungu. Kinachosahaulika ni juzuu tatu za ushahidi na maelezo zilizochapishwa pamoja nayo. Humo wazee wa Kiafrika kutoka kila pembe ya nchi wanazungumza, mmoja baada ya mwingine, kupitia mkalimani, na karani anapiga chapa. Sentensi zao zimefupishwa, majina yao yameandikwa kwa tahajia za ajabu, lakini wamo. Kwa mtu aliyekwisha kusoma mamia ya kurasa ambamo Mwafrika ni mpagazi asiye na jina, kufika hapo ni kama kuingia katika chumba na kukuta taa inawaka.

Huo wa 1934 ni mwaka mzito kwetu. Ndipo ilipotungwa sheria ya kuwaondoa Walaibon, yaani ukoo wa Talai, uliokuwa na waorgoiik, viongozi wa kiroho ambao serikali iliwaogopa. Ndugu watatu wa ukoo huo walikuwa wamehamishwa tayari mwaka 1914. Sheria ya 1934 ikachukua ukoo mzima, wazee, wanawake na watoto, karibu watu 700, ikawapeleka Gwassi kando ya ziwa, mahali pa joto, malaria na mbung'o, ambako watu wa milima yenye baridi na ng'ombe wao hawakuwa na kinga. Walikaa huko hadi uhuru ulipokaribia. Maneno ya sheria yenyewe ni makavu, yamepangwa kwa vifungu, na mtu anaweza kuyasoma katika dakika chache. Nimeyasoma na wanafunzi wa kidato cha nne. Msichana mmoja, mjukuu wa Talai, alisoma kifungu kwa sauti mpaka mwisho bila kutetemeka, kisha akaeleza darasa zima mambo ambayo nyanya yake alimsimulia juu ya mbung'o. Mada hiyo haikuwa katika mtihani. Sijawahi kufundisha somo bora zaidi.

Mwaka 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilitoa uamuzi wake juu ya madai ya Wakipsigis na Watalai katika Gazeti Rasmi la Kenya, na 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa wakaandika kuyahusu. Mambo hayo yako kwa mawakili. Ninalotaka kusema ni kwamba madai hayo yalisimama kwa sababu ya karatasi: sheria, ripoti, barua za maofisa wa wilaya, kurasa zilizotunzwa na mtu asiyejua zingehitajika lini. Mzee alisema miaka themanini bila kusikilizwa. Ilipopatikana barua iliyothibitisha neno lake, ndipo akasikilizwa. Jambo hilo linaniuma, kwani neno la mzee lilikuwa kweli hata kabla ya barua, lakini ndivyo dunia ya mahakama ilivyo, na kwa hiyo karatasi tuzitafute.

Wapo walioandika juu yetu kwa uangalifu. Ian Orchardson, aliyeishi kwa muda mrefu miongoni mwa Wakipsigis, alikuwa na muswada aliouandika kati ya 1929 na 1937. Ulikaa mpaka A. T. Matson akaufupisha na kuuandika upya kwa sehemu, nao East African Literature Bureau ikautoa 1961 kwa jina The Kipsigis. Ni kitabu chembamba. Unaweza kukibeba ndani ya mfuko wa koti. J. G. Peristiany alitoa chake juu ya taasisi za jamii ya Wakipsigis huko London mwaka 1939. Hicho ni kigumu, kimejaa sheria za ndoa, koo na marika. Wanafunzi wangu hawakukipenda mpaka siku nilipowaambia watafute ukoo wa nyumbani kwao. Darasa liligeuka soko. Kila mmoja alitaka ukurasa wake, na waliokosa walikuja kesho yake na maelezo kutoka kwa babu zao ya kwa nini ukoo haumo.

Marika ndiyo kalenda yetu, na bila hiyo vitabu hivi havisomeki vizuri. Maina, Chumo, Sawe, Korongoro, Kipkoimet, Kaplelach, Kipnyige, Nyongi: majina yanazunguka na kurudi. Mzee hatakuambia 1890. Atakuambia ni vijana wa ibinda gani, yaani rika gani, walikuwa wapiganaji wakati Wakipsigis walipochinjwa Mogori na Wagusii. Kogo hakujua mwaka wake wa kuzaliwa, lakini alijua alikuwa na umri gani nzige walipokuja, na nzige wa 1928 hadi 1931 wameandikwa katika kila ripoti ya serikali ya miaka hiyo. Kwa njia hiyo, kwa kuunganisha ibinda, nzige na ripoti, nimeweza kumpatia kogo mwaka.

Halafu kuna wetu wenyewe. Henry Mwanzi, mwanahistoria, alichapisha A History of the Kipsigis mwaka 1977 na East African Literature Bureau, mwaka ule ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na Bureau hiyo ikafa nayo. Kitabu kikazaliwa mzazi akiwa anafariki, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya kutoenea kwake. Taaitta Toweett, mtoto wa Kericho, waziri, mtaalamu wa lugha, rais wa Mkutano Mkuu wa UNESCO uliofanyika Nairobi 1976, alitoa Oral Traditional History of the Kipsigis mwaka 1979. Wengi wanamkumbuka kwa siasa. Mimi naamini vitabu vyake vitadumu kuliko hotuba zake. Toweett anaandika kama mtu aliyeketi barazani na wazee: anataja koo, safari na mapigano bila kumwomba radhi msomaji wa Ulaya asiyefahamu. Alifariki 2007. Jaribu leo kununua nakala mpya ya kimoja katika vitabu hivi viwili katika duka la Kericho au Bomet. Hutaipata. Hollis wa 1909 unaweza kumsoma bure kwenye simu, kwa kuwa haki za uchapishaji zimekwisha na maktaba za Marekani zimempiga picha ukurasa kwa ukurasa. Mwanzi na Toweett, walio karibu nasi kwa miaka, ndio walio mbali. Kuna serikali mbili za kaunti, kuna Chuo Kikuu cha Kabianga, kuna Kenya Literature Bureau ambayo ni mrithi wa mchapishaji yule. Vichapishwe upya. Si kazi kubwa kuliko kuweka lami ya kilomita moja.

Umbali huo unaonekana pia katika nyaraka. Ripoti za mwaka za Wilaya ya Kericho ziko Nairobi, katika Nyaraka za Kitaifa, jengo lililokuwa benki kwenye Barabara ya Moi. Nakala zake za filamu ndogo ziko Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York, kilichozipiga picha nyaraka za Kenya miaka ya 1960. Nina mwanafunzi wa zamani aliyekwenda kusoma Marekani kwa miguu yake, nikiwa na maana ya mbio, kama vijana wetu wengi wanavyokwenda. Aliponiuliza aniletee nini, nilimwomba kurasa. Naye mwanariadha yule, kati ya mazoezi na masomo, akawa ananitumia picha za ripoti za maofisa wa Kericho, moja baada ya nyingine. Kumbukumbu za Finlay nazo zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Glasgow. Nairobi kuna Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931 kwa kumbukumbu ya William Northrup McMillan, Mmarekani wa St. Louis aliyempokea Roosevelt katika shamba lake la Juja mwaka 1909. Hadi 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma humo. Nikipita kati ya simba wake wawili wa mawe huwa nakumbuka kwamba vitabu vilivyosimulia maisha ya kogo vilikuwa ndani, na yeye, hata angejua kusoma, angezuiwa mlangoni.

Kuna pengo moja ambalo vitabu vyote hivi havilizibi. Mama yangu alichuma majani katika shamba moja la Kericho kabla ya kuolewa Bomet. Alijua kuchagua majani mawili na chipukizi bila kutazama, alijua mizani ya nyapara inayopunguza na isiyopunguza, alijua baridi ya laini, yaani nyumba za wafanyakazi, saa kumi na moja alfajiri. Majirani zake kwenye laini walikuwa Waluo, Wagusii na Waluhya, kwa kuwa mashamba tangu mwanzo yaliajiri zaidi watu wa kutoka magharibi. Katika vitabu vya kampuni nimesoma juu ya ekari, viwanda, mashina na bei za mnada wa London. Kamati ya serikali ya 1938 ilichunguza ajira ya watoto, na chai ilikuwa miongoni mwa waajiri wao wakubwa. Wakulima wadogo wameandikwa tangu kuanzishwa kwa mamlaka yao mwaka 1960, iliyogeuka KTDA 1964, kwa sababu wakulima wana mikutano, hisa na bonasi, na mambo hayo huacha kumbukumbu. Mchumaji wa shamba kubwa aliacha kilo zake kwenye rejista ya siku, na rejista zilitupwa.

Sasa mashine zinachuma. Mwaka 2023 wafanyakazi walizichoma moto kwa hasira ya kupoteza kazi. Mwaka huo na uliofuata zilitangazwa habari za kuuzwa kwa mashamba ya Finlays, kisha ya Lipton yaliyokuwa ya Brooke Bond, kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Kila mali inapobadili mkono, kuna stoo inayosafishwa. Nimewaomba makarani ninaowajua wanipigie simu kabla ya kuwasha moto wa takataka, na wawili tayari wameniletea madaftari ya laini yenye majina, vijiji vya asili na tarehe za kuingia kazini. Majina hayo yanaelekea nje ya kaunti zetu: Nyamira, Vihiga, Siaya, Kisii. Huko ndiko waliostaafu walikorudi na masanduku yao ya bati, yenye kadi za kazi, barua na picha za kiwandani. Nimeanza na Nyamira, kwa kuwa ni karibu, na kwa kuwa daftari la kwanza lina watu kumi na mmoja wa kata moja ya huko.